Mwambie Mama Nimefika

Dada yangu mpenzi,

Nakusalimu kwa mapenzi mengi, wewe na mwanetu. Natumaini ile homa yake imekwisha na amerudia ukorofi wake wa kila siku. Huku sisi wazima. Mama hajambo, presha yake imetulia, ila mdomo wake haujatulia. Mimi nami sijambo, isipokuwa ubavu mmoja unaonichoma nikicheka, na sababu yake utaikuta huko chini. Usiruke mistari, nakujua.

Barua yako nilipewa na dereva wa lori, kaka yake kinyozi wa jirani na bucha langu, kama zote zilizotangulia. Umeniomba nihamie kwako, na ukasisitiza nipime faida na hasara halafu nikujibu kama mtu mzima, bila mzaha. Kupima nimepima, maana kutwa nzima nashinda mbele ya mizani. Mzaha ndio sikukuahidi.

Nianze na faida. Umesema kuna chumba chenye dirisha na bomba mlemle ndani, na kwamba bucha la jirani yako linatafuta mkataji. Humu ninamokaa dirisha linatazama ukuta, na bomba ni la nyumba nzima. Ukichelewa kuamka unakuta matope na matusi. Na fujo za mtaa huu, dada, zimepita kiasi. Juzijuzi walimkamata mtu aliyeiba betri ya gari, wakampiga kwa mawe na vyuma mbele ya bucha langu. Mmoja wao akaingia ndani, jasho linamtiririka, akaniomba shoka kwa adabu kabisa, kama anayeomba chumvi. Nikamwambia shoka langu halitoki, na akisogea nitaanza na yeye. Akaniita mchawi, akaenda zake. Yule mwizi alijikokota hadi kwenye ngazi yangu akakata roho pale, meno yake yametapakaa. Nikamwaga maji kusafisha. Mteja aliyefuata aliruka kidimbwi, akauliza kama maini yapo. Nilimkatia, na mkono wangu haukutetemeka hata kidogo. Hilo ndilo lililonitisha. Mji unaomgeuza mtu hivyo, kuuhama ni faida tupu.

Hasara nazo zipo. Hapa mimi ni Mama Shoka, hata wanaonichukia wananiita hivyo kwa heshima. Huko kwako nitakuwa mdogo wake fulani, nianze upya kubishana na wanaume wasioamini kwamba mwanamke anaweza kupasua paja la ng'ombe. Mama hataki kuhama. Anasema chumbani mwake atatoka akiwa amebebwa. Mjomba amekubali kuja kukaa naye, ingawa wale wawili wakikaa pamoja watagombana mpaka kuta zichoke. Halafu wewe unakoroma. Hata hivyo niliona faida zimezidi. Nikamwambia Mama kwamba nahamia kwako, akafurahi mpaka akalia.

Sasa kaa chini, dada. Yule aliyekuwa mumeo amekuja.

Alinikuta buchani mchana, hakuna mteja, amenyoa vizuri, ananukia manukato. Akaniita shemeji. Akauliza mke wake yuko wapi, nikamjibu kwamba hana mke. Akavuta mlango ukafungika. Aliponiuliza mara ya pili alikuwa amenishika nywele na kichwa changu kimelala juu ya gogo la kukatia, shavu kwenye vipande vya mifupa. Akasema anamtaka mwanawe tu, na wewe anataka kukumalizia alichokianza. Alisema kwa sauti ileile ya mtu anayeagiza kilo moja ya nyama. Kila nilipokaa kimya alinipiga goti la ubavu, na nikausikia unavunjika. Mkono wangu ukapapasa, ukapata mguu wa ng'ombe ambao ulikuwa haujapasuliwa, nikamtwanga nao usoni. Nikamtwanga tena. Nikawa siwezi kuacha, dada, nilimpiga hata alipokwisha kuanguka. Kinyozi aliposikia kishindo alikuja mbio na kiti chake cha chuma, akamkuta mtu anatambaa sakafuni akitafuta jino lake kwenye maranda ninayomwaga kunyonya damu. Tulipokwenda kituoni askari alisikiliza, akapiga mwayo, akasema hayo ni mambo ya kifamilia tukayamalize nyumbani.

Nilidhani atarudi kuniuliza tena. Hakurudi kuuliza. Kila siku anakaa kwenye benchi la fundi viatu, ng'ambo ya barabara, uso umevimba, ananitazama nikifungua bucha na nikifunga. Ananisalimu. Mtu aliyetaka kuniua kwa ajili ya jibu, ghafla halihitaji. Nikawa sielewi, mpaka Mama mwenyewe aliponieleza huku anatabasamu.

Unakumbuka mimi na wewe tulivyokubaliana Mama asijue kwa nini uliondoka. Kwa kuhofia presha yake tukamwambia umepata kazi mbali, na kwamba wewe na mwenzio mmeachana kwa amani. Hajawahi kuuona mgongo wako, na ubavu wangu nilimwambia niliteleza buchani. Basi kwake yule bado ni mkwe, na mkwe hafukuzwi mlangoni. Alimkaribisha, akamwandalia chai, akamsikitikia kwa jino lililong'oka, akamwambia kwa furaha kwamba hata mimi nahamia kwako mwisho wa mwezi. Jina la mji hakumtajia kwa sababu na yeye hatukumtajia. Lakini yule hana haja tena ya jina la mji wala ya kunivunja mbavu. Anangoja nipande basi, naye apande.

Nikwambie sasa nilichokuwa nakizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Siku moja alikaa kwenye lile benchi akiwa amenipa mgongo. Nilivuka barabara na kisu cha kuchunia chini ya aproni. Nilimkaribia mpaka nikayaona matone ya jasho shingoni mwake, na mahali pa kupitisha kisu napajua kuliko ninavyoijua sura yangu. Nilitaka kumuua. Sikuogopa jela. Nilimfikiria mwanetu, anakua huku anaambiwa mama yake mdogo alimchinja baba yake. Nikanunua kopo la rangi ya viatu kwa fundi, nikarudi kazini natetemeka mwili mzima.

Kwa hiyo nahama, dada, lakini siji kwako. Nakwenda upande wa pili kabisa, kule kwenye machinjio makubwa, kwa yule mwenye jicho moja aliyenifundisha kushika shoka. Nilimpelekea habari zote kwa mdomo wa dereva, naye akajibu kwamba mwache aje. Kule kila mtu ana kisu kiunoni tangu asubuhi, na wote wameshaambiwa sura yake. Akifika, akinitazama tu akarudi alikotoka, hakuna atakayemgusa. Akininyanyulia mkono, hatoki. Sijamwomba mtu amhurumie na sitaomba, na usiniombe niombe.

Tiketi nimeshakata. Nilikata kwa sauti kubwa, nikimweleza karani, ambaye hakuniuliza, kwamba naenda kuishi na dada yangu. Kinyozi alijibanza pembeni, akamwona yule naye anakata ya basi hilohilo, kiti cha nyuma yangu. Mama anautangazia mtaa mzima kwamba naja kwako. Nimemwacha aseme, tena namsaidia. Safari hii mdomo wake unatufaa.

Wewe tumia nafasi hii kuhama nyumba. Mahali papya mjulishe dereva tu, wewe mwenyewe, uso kwa uso. Sijui lini tutaonana, na kusema kweli hilo ndilo linaloniuma kuliko ubavu. Nilikuwa nimeshaanza kukipanga kile chumba kichwani, kitanda changu nimekiweka chini ya dirisha.

Mbusu mwanetu mashavu yote mawili. Msalimie jirani yako wa bucha, mwambie amekosa mkataji. Uwe unanikumbuka unaposali, na barua hii uichome ukimaliza kuisoma. Usinijibu.

Ila Mama mwandikie upesi, asije akaanza kuuliza watu. Mwambie nimefika salama, umenipokea mwenyewe stendi, na nimeshaanza kulalamika kwamba unakoroma.

Mdogo wako akupendaye,
Mama Shoka