Fundi, Nimekitoa Kishikio Chako

Fundi wangu Athmani,

Nakuandikia nikiwa nimekalia lile debe lako hapa karakana, Mutheu ananyonya, na mkono huu mwingine una grisi. Karatasi ikichafuka utanisamehe. Mutheu ni binti yangu. Uliniacha nikiwa na tumbo lake, ukanikataza kuinua vyuma vizito, halafu wewe ndiye ukaenda.

Acha nikwambie mwenyewe. Nimekitoa kishikio chako cha kisu kwenye lethi, hii mashine yetu ya kuchongea vyuma. Kile ulichokitengeneza kwa mikono yako. Usikasirike, soma kwanza mpaka mwisho.

Tangu uende, kitu kilichokuwa kinanishinda ni bati. Kila kubadilisha kisu, legeza boliti nne, tafuta vile vipande ulivyokata kutoka kopo la mafuta ya kupikia, vipange chini ya kisu mpaka ncha ilingane na katikati ya shafti. Wewe ulikuwa unavichagua kwa kidole tu, kama mtu na tasbihi yake. Mimi nikishapata, mtoto analia. Nikirudi, kipande kimoja kimeanguka kwenye takataka za chuma. Naanza tena. Wateja walichoka, wakaanza kupeleka kazi zao Thika. Mkeo Mama Rukia akaniambia bila kuzunguka, "Mwende, nakupenda, lakini siwezi kuweka mashine kama kabati. Kazi zisiporudi, tunaiuza."

Sikubishana. Nilienda Nairobi na mtoto mgongoni, nikarudi Mwingi na kishikio cha kisasa. Kila kisu kina kitako chake. Unakiteremsha, unavuta mpini, kimekaza. Urefu unauweka siku ya kwanza kwa nati ya juu, na hutasumbuka tena.

Lakini kikakataa kuingia! Kile chuma cha chini, kinachokaa kwenye mfereji wa mashine kushika boliti kubwa, kilikuwa kinene kupita mfereji. Mama Rukia akasema, "Umetuletea bwana harusi, hapiti mlangoni." Nikarudisha kishikio chako. Nikapanga bati zako. Nikajaribu ncha kwa wembe kama ulivyonifundisha: ubane kati ya ncha na chuma cha mviringo, ukisimama wima ncha iko katikati, ukiinama rudi kwa bati. Ukasimama. Nikakibana kile chuma kinene kwenye taya nne za lethi, nikakipunguza polepole, pembeni nikamalizia na tupa, hadi kikateleza ndani bila kucheza.

Kwa hivyo ujue, Fundi, kazi ya mwisho ya kishikio chako ilikuwa kukitengenezea hiki kipya mahali pa kukaa. Nilipokifungua nililia kidogo. Kidogo tu, kulikuwa na kazi.

Na unajua nilifanya nini baada ya hapo? Nikafunga kipya, nikaweka kisu cha kwanza, na mkono wenyewe ukaenda kwenye kopo la vile vipande ukachukua bati! Mama Rukia, amembeba Mutheu, akauliza, "Si ulisema hizo tumeachana nazo?" Tulicheka mpaka mtoto akashtuka.

Wiki hiyo akaja mzee wa Tseikuru na shafti ya pampu ya kisima, imelika pale inapokaa beringi. Lori alilokuja nalo lilikuwa linarudi jioni. Akachungulia. "Fundi ako wapi?" Nikamwambia, "Unaongea naye." Akaangalia mtoto, akaangalia mashine, akasema ng'ombe wamekaa bila maji, na kama siwezi niseme mapema aende Thika. Nikamwambia, "Mzee, kaa hapo."

Nilimtengenezea shafti mpya. Kisu cha kupunguza, toa. Cha kukata nyuzi za skrubu, weka. Vuta mpini, endelea. Niliacha nikanyonyesha, nikarudi nikakuta kila kitu kilivyokuwa. Na kabla ya mkato wa mwisho nilichukua wembe hata hivyo. Wewe si ulikuwa unasema, "Mashine usiiamini, iulize"? Nikaiuliza. Wembe ukasimama.

Lori lilikuwa linapiga honi wakati mzee anajaribu beringi. Ikaingia kwa kusukumwa na kiganja. Akasema tu, "Eeh!" Kesho yake akapiga simu: maji yametoka. Na sasa watu wa huko wanakuja wakiuliza mama wa lethi.

Jana Mama Rukia alinivalisha shingoni ufunguo wa mlango mkubwa, ule wako wenye kamba ya kiatu. Habari ya kuuza hakuigusa.

Nimechoka, Fundi, lakini ni uchovu wa kujivunia. Pumzika sasa, Mwenyezi Mungu akulaze pema. Kishikio chako nimekipaka grisi, kiko rafuni kando ya kopo la bati, na hakuna mnunuzi wa chuma chakavu atakayekigusa nikiwa hai. Yeyote atakayekuja kujifunza kwangu, hata awe Mutheu, ataanzia hapo: boliti nne, bati, wembe. Akilia, nitampangusa machozi, na bati nitamrudishia mkononi. Siku wembe utakapomsimamia, ndipo nitamwonyesha mpini.

Mwanafunzi wako,
Mwende