Aliyekuwa Akibonyeza "Niko Salama"

Ndinda,

Muthokoi uko kwenye sufuria. Nyanya ale kabla ya kumeza dawa.

Ninakwenda Ikutha, kambini kwa baba yako. Kifaa cha setilaiti cha baba yako kimetuma "Niko salama" kila asubuhi tangu Jumatatu. Leo nikauliza kama mguu wake umepona. Aliyejibu ni Musyimi, mpima ardhi mwenzake. Baba alitoka kambini Jumatatu kutafuta maji, akakiacha kifaa, na hajarudi. Musyimi ndiye aliyekuwa akibonyeza, "ili usishtuke, shemeji."

~~Nyanya asijue.~~ Mwambie nyanya. Uongo umetosha.

Nimechukua simu ya nyanya. Yangu nimekuachia kwenye chaji, maana kifaa hutuma ujumbe kwa namba hiyo tu. Ukiandikiwa kwamba baba amepatikana, uliza kwanza jina analokuita mkiwa wawili tu.

Mama