Mlima Wetu Umo Baharini

Nekesa, mjukuu wangu, bibi yangu mdogo huko Misri,

Huku Chwele tumevuna, nyanyako anakusalimu. Unauliza kama naamini maji ya bahari yanaweka habari ya mvua ya zamani. Mimi ndiye wa kuulizwa!

Nikiwa kijana tulipeleka ng'ombe pango la Mlima Elgon walambe chumvi. Nikasema, "Mvua inakula huu mlima."

Rafiki yangu Wafula akacheka. "Ati mvua iko na meno, bana? Ukishinda, nitakuchungia ng'ombe."

Nikachemsha maji ya mvua yanayodondoka pangoni mpaka yakakauka. Sufuria ikabaki nyeupe kwa chumvi ya mlima. Wafula akalamba, akachukua fimbo ya kuchungia. Alichunga ng'ombe wangu mpaka nikaoa!

Mvua ikizidi, mawe mengi yanaliwa, na bahari inaweka yote. Mito yetu inaingia ziwani, halafu Naili, mpaka huko kwako. Onja hiyo bahari, Nekesa. Hiyo ni kwetu.

Babu yako, asiyeshindwa.