Kwa Meneja wa Viatu Vyetu

Mwaka umetimia, Meneja, tangu utuachie viatu tuvipange wenyewe, na mlangoni sasa ni vurugu tupu. Kabla ya yote pokea taarifa hii: kaka yako hajarudi nyuma hata unyayo. Siku tuliyokuzika alikuapia kwamba kinyozi wa pale kona atalipa, na kwamba mashine yake haitagusa tena kichwa cha mtu wa nyumba hii. Kiapo kimesimama kama nguzo.

Ulikuwa na miaka sita na amri za waziri. Viatu vya baba mwanzo, vya mama vifuate, vya bibi pembeni kwa kuwa "vinanuka dawa ya kuchua." Aliyekosea, hata awe mgeni wa heshima, aliitwa: "Wewe, rudi!" Dada yako Mdomo ndiye pekee hakuwahi kutii.

Kisha ukaanza kulalamika kwamba baba anavua viatu vinne. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Asubuhi ukiamka unatapika, mama akasema ni minyoo. Kichwa chako nacho kikaanza kulala kushoto, kama cha mtu anayesikiliza umbea wa ukutani.

Ndipo kaka yako akakupeleka kunyolewa. Kinyozi alikukalisha kwenye ubao aliouweka juu ya mikono ya kiti, akakunyoosha kichwa kwa vidole viwili. Kikarudi kushoto. Akakinyoosha tena. Kikarudi.

"Kaa sawa, bwana mdogo!"

"Nimekaa sawa. Kioo chako ndicho kimepinda."

Wateja wakaangua kicheko. Kinyozi hakucheka. "Deko hilo. Mmemlea kama yai." Akakibana kichwa mpaka machozi yakakutoka. Ulirudi nyumbani umenyolewa upande mmoja juu, mwingine chini.

Hospitali ulimwambia daktari, "Nyinyi wawili mmefanana sana." Alikuwa mmoja. Tabasamu lake likakatika palepale. Picha ikaonyesha saratani ya ubongo, imejichimbia nyuma kabisa. Wakakupasua, wakakupiga mionzi, nawe kutoka kitandani ukawa unawaamuru wauguzi wapange ndala zao. Tiba haikutosha.

Saratani haina shingo ya kukabwa. Kinyozi anayo.

Basi kaka yako akaanza kazi. Aliwaambia wateja wa yule bwana kwamba mashine yake inaambukiza upele. Alimwombea umeme ukatike kila Jumamosi, na kipara kimwote (kilikuwa kimeshaota, lakini dua ni dua). Nywele zake mwenyewe akaziacha zikawa kichaka, bibi akamuuliza, "Mjukuu wangu, unafuga ndege?" Na kwa kutimia mwaka alitayarisha maneno ya kumwagia mbele ya watu: "Ulimwita deko. Alikuwa anakufa."

Jana akaenda, akakaa kwenye benchi kusubiri watu wajae. Juu ya ubao wako palikuwa na binti mdogo, hatulii. Kinyozi akazima mashine, akachuchumaa mbele yake, kisha akamgeukia mama aliyemleta.

"Dada, kichwa hiki kinalala upande tangu lini?"

"Aa, michezo yake huyo," mama yake akasema. "Wewe mnyooshe tu."

"Mpeleke akaangaliwe. Leo hii. Nywele zitasubiri."

"Kwani wewe daktari?"

"Siyo. Ila niliwahi kumnyoosha mmoja kwa mikono hii." Akaitazama mikono yake. "Tafadhali, dada yangu. Nenda."

Mama akambeba mwanawe, akaondoka mbiombio. Kaka yako naye akainuka, akamkata kinyozi jicho, akatoka na kichaka chake kichwani. Kusamehe hajasamehe, na hatasamehe.

Unakumbukwa na baba, mama, bibi, dada yako Mdomo, na kaka yako mwenye kinyongo

"Kinyongo gani?" Mdomo amesimama nyuma ya kiti cha kaka yako anayeandika haya, amesoma kila mstari. Sasa amemvua kaka yako kofia aliyolala nayo. "Kichaka kiko wapi? Na hii poda shingoni? Mimi nilikuwa dirishani, kaka. Ulikalia kile kiti cha kinyozi. Mlilia wote wawili mpaka wateja wakatoka nje."

Hatoki hapa. Kidole chake kiko kwenye karatasi. "Andika na yeye."

na kinyozi.

Pumzika, Meneja. Maadamu tunavua viatu mlangoni, hatutakusahau.