Kifungu cha Tisa

Bonde la Sorrel, Wyoming
9 Machi

Mwanangu Yvonne,

Natumai barua hii inakukuta mzima huko Washington. Sisi hatujambo, ila goti la mama yako, na hilo halimzuii kunigombeza. Kondoo wameanza kuzaa na theluji bado haijaamua kama inakwenda au inabaki.

Jumatatu nimekuta vijiti vimepigiliwa katika malisho yetu ya chini, kila kimoja kina utepe mwekundu. Nikawafuata wapimaji, nikauliza wanapima nini. Mmoja akajibu, "Mzee, sisi tunapima tu." Nikamwuliza, "Kwa niaba ya nani?" Akatazama viatu vyake. Mtu anayetazama viatu vyake analo jibu.

Jirani yetu Dell Oakley anasema ni bwawa. Wewe unafanya kazi kwa Seneta Haskett, hivyo niambie bila kuzunguka: lipo bwawa au halipo?

Baba yako,
Baptiste

Washington
20 Machi

Baba mpendwa,

Nakuamkia wewe na Mama. Mimi mzima, nimechoka tu.

Bwawa lipo, lakini kwenye karatasi. Muswada umepita katika Baraza la Wawakilishi, sasa uko Seneti, kwenye kamati anayoiongoza Seneta Haskett. Hata Seneti ikiupitisha, utabaki mkono wa Rais. Na hata Rais akitia saini, kuna kifungu cha tisa: hakuna jiwe litakalowekwa kabla Wyoming haijatoa kibali cha maji. Serikali kuu ina wahandisi na matingatinga, lakini maji ya Wyoming hugawiwa na Wyoming. Usikose usingizi.

Binti yako,
Yvonne

Bonde la Sorrel
6 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Tumepoteza wanakondoo sita kwa baridi, wengine wanaruka.

Umeniambia nisikose usingizi, nami nimekuwa macho tangu siku hiyo. Hao wawakilishi waliopiga kura, sisi tuna mmoja tu kati yao. Waliobaki hawajui Sorrel ni kijito au ni rangi ya farasi.

Nikaenda Cheyenne na Dell, tukamwona mhandisi wa maji wa jimbo. Alifunga mlango kwanza. Akasema, "Wakileta ombi la kibali, nitalikataa. Ila msitangaze. Wakijua mapema, watakifuta hicho kifungu chenu."

Tunaojua ni wanne: yeye, Dell, mimi, na sasa wewe. Nimekuandikia kwa sababu mama yako halali kwa wasiwasi, nikataka mtu wa kumtuliza. Barua hii ichome.

Baba yako

Washington
14 Mei

Baba mpendwa,

Nisamehe kwa kukawia. Hamjambo? Goti la Mama je?

Nina habari njema: nimepandishwa. Sasa mimi ni mshauri wa Seneta kwa mambo ya ardhi na maji, na meza yangu iko karibu na mlango wake. Mwambie Mama. Juu ya muswada sina jipya.

Binti yako,
Yvonne

Bonde la Sorrel
28 Mei

Yvonne,

Tu wazima.

Nimesoma gazeti la Casper. Kamati yenu imekifuta kifungu cha tisa tangu Aprili ishirini na nne. Mahali pake wameandika kwamba sheria ya jimbo haitalizuia bwawa. Nimelipeleka kwa wakili hapa mjini. Akaniambia, "Baptiste, Katiba iko wazi. Sheria ya taifa ikigongana na ya jimbo, ya jimbo ndiyo inayokaa pembeni." Nikamwuliza kama mhandisi wetu anaweza kufanya lolote. Akasema anaweza kuandika barua ya masikitiko.

Barua yangu ilikufikia kama Aprili kumi na mbili hivi. Kifungu kikafa siku kumi na mbili baadaye. Mwezi uliofuata ukapata meza karibu na mlango. Mimi ni mchunga kondoo, si mwanasheria, lakini hesabu ya siku naijua.

Ulimwambia nani?

Baptiste

Washington
7 Juni

Baba,

Natumai hamjambo.

Umeniumiza. Miswada hubadilishwa kila siku na watu wanaojua kazi yao, hawahitaji barua ya mtu. Kama unatafuta aliyesema, tazama karibu nawe. Shamba la Dell liko juu ya mstari wa maji. Bwawa likijengwa, wewe utazama na yeye atamwagilia. Umewahi kumwuliza?

Yvonne

Bonde la Sorrel
25 Juni

Yvonne,

Nimemwuliza.

Tulikuwa kwenye zizi lake, tunakata manyoya kama tunavyofanya kila mwaka kwa miaka thelathini na moja. Nikamwambia, "Dell, bwawa likija shamba lako litaneemeka." Akasema, "Ndiyo." Nikamwambia, "Na kifungu kimefutwa." Akazima mashine. Akasema, "Unauliza, au unashtaki?" Nikatazama viatu vyangu. Akanishikisha mkasi wangu mkononi, akasema, "Kamalizie kwako."

Nimemalizia kwangu.

Baba yako

Washington
10 Septemba

Baba,

Sijui kama bado unazipokea salamu zangu, ila nazileta.

Seneti imepiga kura jana: hamsini na nane kwa arobaini na moja. Nilikaa juu, kwenye viti vya watazamaji, nikatazama mkono wa Seneta Haskett ukipanda. Yeye ni mtu wa Wyoming. Tumepewa viti viwili Seneti, sawasawa na California yenye watu wote wale, ili wakubwa wasitumeze. Na kiti kimojawapo ndicho kilichotumeza.

Nilikuwa mimi, Baba. Dell hana kosa. Tulikuwa mkutanoni, wanabishana juu ya bwawa, hakuna aliyeniuliza kitu tangu niajiriwe. Nikasema, "Jimbo litakataa kibali. Mhandisi ameshaamua." Nilidhani wataogopa, waache. Seneta akanitazama kwa mara ya kwanza, akasema, "Yvonne, una hakika?" Nikasema nina hakika. Akanishukuru. Kesho yake kifungu hakikuwepo.

Juu ya Dell nilijua ninasema uongo wakati kalamu ikiandika.

Leo nimeacha kazi. Nimeiandikia pia ofisi ya Rais, kwa jina langu, nikieleza kifungu kilivyoondolewa. Huenda karani ameshaitupa. Nijibu hata kwa matusi.

Binti yako

Washington
28 Oktoba

Baba,

Sijapata jibu, naandika tena. Natumai kimya chako si ugonjwa.

Mabaraza mawili yaliafikiana maneno ya mwisho, muswada ukapelekwa kwa Rais tarehe kumi na nne. Kesho yake wabunge wakafunga kikao, wakaenda makwao kuomba kura. Rais ana siku kumi, bila kuhesabu Jumapili. Bunge lingekuwa linakaa, kimya chake kingekuwa idhini. Likiwa limekwisha tawanyika, kimya chake ni kifo. Angeukataa kwa maandishi mbele yao, theluthi mbili ya kila baraza wangeweza kumshinda. Sasa hakuna wa kumshinda.

Siku kumi zimekwisha Jumamosi. Hakutia saini, wala hakusema kwa nini. Muswada umekufa, Baba.

Sijui kama barua yangu ilisomwa.

Yvonne

Bonde la Sorrel
6 Novemba

Yvonne,

Si ugonjwa. Mama yako anakusalimu. Baridi imeingia na kondoo wameshashuka mlimani.

Habari ilinifikia. Gavana ametangaza kwamba yeye ndiye aliyempigia Rais simu kutetea haki ya jimbo. Seneta Haskett anasema kwenye redio kwamba moyoni alikuwa na shaka tangu mwanzo. Na wewe unasema uliandika barua. Yule aliyeua muswada peke yake ndiye hajafungua mdomo, kwa hiyo kila mtu amejivika sifa. Sitakupa wewe na sitakunyima. Sijui.

Barua yako ya Septemba niliipata. Niliisoma, nikaitia mfukoni, nikaendelea kupita mbele ya lango la Dell kila Jumamosi bila kugeuza shingo. Nilijiambia nangoja wakati mzuri. Ukweli ni kwamba nilikuwa nakuficha wewe, na niliona ni rahisi zaidi watu wamdhanie yeye.

Jumapili nikaenda. Alifungua mlango nusu. Nikamwambia, "Alikuwa binti yangu." Akauliza, "Umejua lini?" Nikasema, "Septemba." Akahesabu kwa vidole, taratibu, nami nikiona. Kisha akasema, "Yeye alisema neno moja mkutanoni. Wewe umekaa kimya wiki saba na barua mfukoni." Akafunga mlango, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Njoo Sikukuu ya Shukrani, Alhamisi ile ya mwisho wa mwezi. Mama yako atachoma mguu wa kondoo. Asubuhi yake tutakwenda kwa Dell sote wawili, wewe ugonge. Asipofungua, Ijumaa tutagonga tena.

Januari linakuja Bunge jipya, na Haskett anaweza kuuanza muswada upya. Hapa bondeni kuna mambo tunayapanga. Ukifika, kula, lala, cheka na mama yako. Usiniulize tunapanga nini. Sitakwambia, na usinione mbaya. Labda mwakani.

Baba yako,
Baptiste