Odeti Amechemsha Asali Yetu

Furaha, rafiki yangu,

Nimetoka kwako sasa hivi. Nasema kwako kwa mazoea tu, maana mlango anafungua mwingine. Bado nanuka moshi, hata koti sijavua. Nisipokuambia wewe, nitamwambia nani? Nina wivu, Furaha.

Mume wako, Baba Neema, ameoa tena. Si kosa, najua. Mwanaume wa zamu za kiwandani atalea vipi watoto wadogo peke yake? Kanisa lilikubali, wazee walikubali, na wali wa harusi niliupika mimi. Huyo mke ametoka Columbus, anaitwa Odeti, mtoto wa milima yetu ya Kivu. Mpole. Anasalimia vizuri. Hapo ndipo ninapoumia, kwa sababu angekuwa mbaya ningejua la kufanya.

Theluji imeanza kuyeyuka mchana na kuganda usiku, ule msimu wako. Asubuhi mume wako akanipigia: "Mama Riziki, Odeti anataka kuchemsha ile maji ya mti. Uje umuangalie, asituunguzie nyumba." Nikaenda. Sikwenda kusaidia. Nilikwenda kuona akishindwa.

Unakumbuka mwaka wetu wa kwanza? Tulikuwa tumechoka na lile ghala la Louisville, kukunja maboksi mpaka vidole vinakufa ganzi. Wewe ulitangulia huku Buffalo, ukanipigia: "Kuja, baridi inauma lakini watu wetu wako." Nikakufuata. Yule bibi wa Lackawanna, uliyekuwa ukimwogesha na kumlisha, ndiye aliyekuonyesha: unatoboa mti wanaouita mepo, unagongea kamrija, unatundika ndoo. Mti unatoa maji yenye utamu wa mbali sana, nawe unayachemsha mpaka yawe asali. Nilikucheka. Nilisema kumbe huku hata miti inakamuliwa. "Bon," ukanijibu, "ng'ombe tuliwaacha nyuma. Tukamue kilichopo."

Tulichemsha kutwa nzima uani, sufuria pana juu ya matofali, macho yanatuwasha kwa moshi. Povu likapanda ghafla, likamwagikia moto, nusu ya kazi yetu ikaenda. Safari ya pili wewe ulikuwa unakula mkate. Povu lilipoanza tena, ukachota siagi kwa kidole ukaitupa humo, kwa hasira tu, na povu likanywea kama mtoto aliyekaripiwa. Tulicheka mpaka jirani akafungua dirisha. Tangu hapo siagi ilikuwa yetu, mimi na wewe. Ndivyo nilivyodhani.

Basi leo Odeti alikuwa amevaa buti zako. Neema alikuwa akimletea kuni, binti yako yule asiyenyanyua hata sahani akiambiwa na mimi! Nilikaa kwenye ngazi za nyuma, mikono mfukoni. Maji yakapungua, yakageuka rangi ya chai. Povu likaanza kupanda. Nikajiambia, haya, sasa.

Odeti hakuhangaika. Akatoa kipande cha siagi mfukoni mwa aproni, akakidondosha. Povu likashuka.

Nilisimama. "Nani kakufundisha hiyo?" Sauti ilinitoka vibaya, mpaka Neema akageuka.

"Ni yeye, yaya," Odeti akasema, akiniita dada mkubwa. "Furaha mwenyewe. Alikuwa ananitumia sauti kwa simu, kila wiki, wakati wa ugonjwa."

Kila wiki! Mimi nakuletea uji hospitali, nakusuka nywele mpaka zikaisha kichwani, na wewe simu iko chini ya mto, unazungumza na Columbus. Akanieleza yote. Mlivyoonana kwenye harusi moja kule Columbus kabla hujaugua. Ulivyomwomba aje awalee watoto, baada ya kuongea na mume wako. Ulivyomwambia Neema hapendi asali ikiwa nyeusi, na mdogo wake haogi bila kuimbiwa. Ulimchagua, Furaha. Ulimchagua mke wa mume wako kama mtu anayechagua nyanya sokoni, na mimi niliyekuwa nimekaa kando ya kitanda hukuniuliza hata "huyu je?"

Sikuwa tena na wivu juu ya mume, wala juu ya buti. Nilimwonea wivu kwa ajili yako wewe. Sauti zako zimo kwenye simu yake. Mimi sina hata moja, kwa sababu mimi nilikuwepo.

Nikamuuliza kwa nini hukuniambia. Alikoroga kwanza, hakunitazama. Kisha akasema: "Alisemaka, Mama Riziki nikimwambia atalia. Ni yeye mtu moja mwenye bado nacheka naye. Mbele yake sitaki kuwa mtu mwenye anakufa."

Niligeukia uzio. Nilisema ni moshi.

Asali ilipokuwa tayari, inateremka kijikoni nzito, si tone kwa tone, akaichuja kwa kitambaa. Neema akaonja. Akasema kwa Kiingereza ni tamu. Halafu kwa Kiswahili, sauti ndogo: "Asante, mama."

Odeti hakumtazama Neema. Alinitazama mimi, kama anayeomba ruhusa. Furaha, nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kumshika yule mtoto mabega nimtikise. Nilichoweza kusema ni, "Mpe na mdogo wake." Ni hayo tu, na yalinitoka kwa shida.

Na asali yenyewe ni nyepesi, inang'aa, nzuri kuliko yetu yote tuliyowahi kupika. Hilo pia limeniuma, ujue.

Miezi yote hii nimekuwa nikiona wivu kwa niaba yako, nikidhani umenyang'anywa na huwezi kusema. Kumbe ulitoa mwenyewe, kwa mikono miwili. Basi wivu niliokubebea nimeutua leo. Wangu mwenyewe bado ninao, sikudanganyi, na sijui utaisha lini.

Lala, ndugu yangu. Miti bado inatoa maji, na huyo mtu wako wa Columbus hajui kupasua kuni hata kidogo, anashika shoka kama mwiko. Nakuahidi, kesho naenda kumpasulia.

Mimi wako,
Mama Riziki