Kwa Maalim Abdi, Kuhusu Visima vya Hadado

Maalim Abdi,

Walisema ushahidi wako umekufa pamoja nawe. Naanza na hilo kwa sababu limenikaa kooni tangu siku nilipolisikia, na kwa sababu wewe hukupenda mtu azungukezunguke kabla ya kusema kilichomleta. Basi sikiliza. Haukufa. Nilikwenda Hadado.

Najua utakunja uso kwa hilo jina la Maalim. Kila siku ulinikataza, ukiniita dada kwa Kisomali chako. "Mimi ni mkaguzi wa hesabu, abaayo. Maalim yuko chuoni na watoto." Lakini nani mwingine alinifundisha kazi hii? Nilikuja Garissa na shahada yangu, msichana wa Mwingi anayeogopa joto na barabara, na wewe ndiye uliyenipeleka kwenye stoo ya mteja wangu wa kwanza ukanifanya nifungue kila katoni niliyokuwa nimeiandika kwamba nimeiona. Sasa huwezi kunikataza tena. Nitakuita nitakavyo.

Sikukuzika. Nilikuwa nyumbani kwa mama, Mwingi, aliponipigia dereva wetu Hassan akasema umeanguka baada ya sala ya Ijumaa na kwamba ni presha. Nilipofika Garissa wanaume walikuwa wanarudi kutoka makaburini, vumbi kwenye kanzu zao. Hata ningekuwa mjini nisingeenda, wanawake hawaendi. Hilo nalijua. Lakini nilikuwa nimepanda gari nikiamini nitakukuta, hata kama ni kukukuta umefunikwa, na nikakuta mkeka uani na mkeo Sahra akinitazama kama mtu anayesubiri nimwambie kwamba si kweli.

Jumatatu kiti chako kilikuwa kitupu na kazi ilikuwa mezani.

Unakumbuka tulivyogawana ile kazi ya mradi wa maji. Mimi nilibaki Wajir na makaratasi, wewe na Hassan mkaenda upande wa Hadado kuviona vile visima tulivyovichagua kama sampuli. Makaratasi yalikuwa safi, Maalim. Hati za kukamilika kwa kazi zilikuwapo, sahihi za kamati za vijiji zilikuwapo, na picha pia: wazee wamesimama kando ya tangi, bomba linamwaga maji, kila mtu anacheka. Kisha ukanipigia simu, upepo ukipuliza kwenye sikio langu. "Abaayo, hapa kuna pampu, kuna tangi, kuna ubao wenye jina la mfadhili. Ngamia hawapo."

Mimi nikacheka. Nikauliza ngamia wanahusiana nini na ukaguzi.

"Palipo na maji hapa kwetu," ukasema, "huwezi kukanyaga chini bila kukanyaga mavi ya ngamia. Hapa chini ni safi kama sebule."

Ulisema utaandika kila kitu ukirudi ofisini. Ukarudi Alhamisi nami nimeshakwenda kwa mama, na Ijumaa ukatuacha.

Nilimweleza mkuu wetu, Bwana Kimani, alipokuja kutoka Nairobi kufunga faili. Akanisikiliza vizuri. Unamjua, si mtu mbaya. Akasema, "Mwende, hayo ni maneno ya simu. Hayakuandikwa, hayana picha, na aliyeyasema hayupo tena kuulizwa. Hassan ni dereva, si mkaguzi. Ushahidi wa Abdi umekufa na Abdi. Pole, lakini ndivyo ilivyo." Uchungu wangu ni kwamba alikuwa sahihi. Wewe mwenyewe ungenirudishia faili kama ningekuletea ushahidi wa namna hiyo. Badala yake mkurugenzi wa mradi alikuwa ametuandikia barua ya kuthibitisha kwamba visima vyote vinafanya kazi, na Bwana Kimani alikuwa tayari kuikubali.

Nikauliza barua hiyo imeandikwa na nani. Akasema na mteja. Nikasema, kwa hiyo tumemuuliza mteja kama mteja anasema kweli?

Akaiweka ile barua chini. Halafu akaniambia kitu ambacho nilikuwa sitaki kukuandikia, lakini nimekwisha kuamua kukwambia yote. Mkurugenzi alikuwa amemnong'oneza kwamba wewe hukuwa mtu wa kuaminiwa kwa kazi ile. Kwamba mkandarasi aliyechimba vile visima ni wa ukoo mwingine, na ukoo wako na wake wana mambo ya zamani. Kwamba ulikwenda kule na chuki yako mfukoni.

Wewe! Wewe uliyekataa hata chai ya binamu yako siku ile tulipokagua duka lake, ukanywa maji ya chupa kwenye jua!

Nilisimama. Sijui nilipata wapi hiyo sauti. Nikamwambia sitaweka sahihi kwamba sehemu ile ya kazi imekamilika, aniandikie barua ya onyo akitaka, aniachishe kazi akitaka, lakini kama shida ni ukoo, basi anitume mimi. Mimi ni Mkamba. Nina ukoo gani Hadado? Nina ugomvi na ngamia wa nani?

Akasema, "Safari moja. Gari lirudi likiwa zima."

Mteja alituma mtu wake atusindikize na kututafsiria. Nikamshukuru nikamwacha Wajir. Akasema barabara ni mbaya, akasema kuna hatari, akasema watu kule hawajui Kiswahili. Nikamwambia Hassan anajua Kisomali tangu tumboni mwa mama yake. Mama yangu naye akapiga simu akilia nirudi nyumbani, kwamba kazi ya kufuata visima porini si ya mtoto wa mtu. Nikamwambia nitapiga nikifika. Tulichukua polisi wa akiba mmoja, tukaenda.

Kisima cha kwanza kilikuwa kama ulivyosema. Tangi jipya, ubao umepakwa rangi vizuri, na chini, Maalim, safi kama sebule. Sikuishia hapo, kwa sababu ulinifundisha kwamba kutokuona maji si sawa na kujua kwa nini hayapo. Nikafuata waya kutoka kwenye paneli za sola. Waya uliingia mchangani kwa heshima kabisa, kama unaokwenda mahali. Tukauchimbua. Ulikuwa umekatika hapo chini, haukuwahi kufungwa kwenye chochote. Nikaupiga picha na mkono wangu umeushika.

Mama mmoja alikuwa anapita na punda mwenye madumu, anaitwa Mama Habiba. Nikamsalimu, akanitazama kutoka kichwani hadi viatuni.

"Wewe mtu ya ofisi? Umekuja kubiga bicha?"

Nikasema nimekuja kuangalia maji. Akacheka, cheko kavu. "Maji gani? Siku ya bicha, maji ilikuja na lori. Wakajaza tangi. Wakafungua bomba, wakatuambia cheka. Sisi tukacheka, maji ni maji. Lori ikaondoka, maji ikaisha. Basi."

Nikamwomba Hassan amuulize kwa Kisomali, polepole, bila kumpa jibu mdomoni. Jibu likawa lilelile. Nikawauliza wengine wawili, mbali na yeye, kila mmoja peke yake. Lori. Wote walisema lori. Tulipokwenda kisima cha pili tukakuta waya mwingine unaoishia mchangani, tukasikia habari ileile ya lori, na hasira ikanipanda. Nilitaka kumwona yule mkurugenzi akisoma ripoti yangu.

Na hapo ndipo nilipokaribia kuharibu kila kitu.

Kisima cha tatu hakikuwapo kabisa. Tulifika mahali ambapo ramani ilituambia, tukakuta vichaka na kichuguu. Wewe hukuwahi kukifikia, ulikuwa umeniambia gari lilikwama kabla. Nikatoa kalamu. Nilikuwa nimeshaandika neno "hakuna," Maalim, na nilikuwa na furaha. Naona aibu kidogo kwa furaha ile. Hassan alishawasha gari.

Kisha nikakusikia, kama ulivyonisema siku ile ya katoni nilipofurahi kupata moja ikiwa tupu. "Usitafute mwizi, abaayo. Tafuta bidhaa. Mwizi akiwepo utamkuta huko huko." Nikamwambia Hassan azime. Tukangoja. Baadaye likapita kundi la ngamia na wachungaji wake, tukawauliza wanakwenda wapi. Wakasema kunywa. Tukawafuata.

Kisima kilikuwa ng'ambo ya lagga, lile bonde la mto mkavu, mbali na pale ramani ilipokiweka. Kinafanya kazi. Pampu inanguruma, birika limejaa, wanyama wamesongamana, na mavi, mavi mpaka kwenye soksi. Wachungaji walituambia shimo la kwanza lilitoa maji ya chumvi wanyama wakayakataa, likafukiwa, fundi mmoja mwaminifu akahamisha kazi, na hakuna aliyehangaika kubadilisha karatasi. Nikanywa yale maji. Yana chumvi kidogo hata hayo. Nikakaa kwenye ukingo wa birika nikakulilia pale, mbele ya ngamia na wachungaji, kwa mara ya kwanza tangu ufe. Mzee mmoja akamuuliza Hassan huyu mama amefiwa na nani. Hassan akamwambia, na mzee akainua mikono akakuombea, mtu ambaye hakuwahi kukuona.

Nikafuta neno "hakuna." Nikaandika kwamba kipo, kiko wapi, na kinafanya kazi.

Ni kile kisima kizima kilichowafunga mdomo. Mkurugenzi alikuja kwenye kikao amejiandaa kusema kwamba nimekwenda kutafuta ubaya, kwamba nimerithi chuki yako. Bwana Kimani akamwonyesha ukurasa ule. Akamuuliza, mtu mwenye chuki angefuata ngamia ili akutetee? Mkurugenzi akanywa maji. Ya chupa.

Halafu wakajaribu ile njia nyingine unayoijua. Wakasema ni kasoro za pekee. Visima viwili tu, bahati mbaya, virekebishwe, ripoti iendelee. Nikasema tungeweza kuviita vya pekee kama vingekuwa vimekufa kwa sababu mbalimbali. Hivi vimekufa kifo kimoja: mkandarasi mmoja, waya mmoja unaoishia mchangani, lori moja siku ya picha. Yule yule amechimba vingine vingi ambavyo hatukuvichagua. Hatuwezi kusema ni vibovu, hatujaviona. Lakini hatuwezi kusema ni vizima, na hilo ndilo tunaloulizwa. Nilisema hivyo bila kusoma popote. Bwana Kimani akaniangalia, nadhani alikuwa anakusikia wewe.

Ripoti ilitoka na sahihi yake. Inasema wazi kwamba kazi ya mkandarasi yule haikuthibitika. Wafadhili wakasimamisha fedha mpaka visima vyote vitembelewe. Mteja ametuacha, na baadhi ya wenzetu ofisini hawanisalimu vizuri, wanasema nimewakosesha kazi ya mwaka ujao. Sawa. Nami nawasalimu kwa sauti kubwa zaidi, kila asubuhi, mpaka waitikie.

Usidhani kila kitu kimenyooka. Mama Habiba alimpigia Hassan kusema mafundi wamekuja, wameunga waya, na maji yametoka, mara hii bila lori. Kisima cha pili bado ni kikavu. Mkandarasi bado anatembea mjini na gari lake zuri. Mkurugenzi amehamishiwa mradi mwingine, hajafukuzwa. Nayajua hayo yote na sijarudi nyuma hata kidogo.

Nilikwenda kwa Sahra. Bado yuko kwenye eda. Lile neno la chuki ya ukoo lilikuwa limemfikia, kuna mtu alilibeba pamoja na rambirambi zake, fikiria. Nikamweleza kila kitu, waya, lori, kisima cha ng'ambo ya lagga. Nikamwambia jina lako limeandikwa kwenye faili kama mtu aliyeona kwanza, na kwamba kila ulichosema kilikutwa kama ulivyokisema. Akacheka, Maalim. "Abaayo, mimi nilijua," akasema. "Huyo mtu nikimwambia nimepika, anafunua sufuria." Tukacheka mpaka tukalia, na watu wa nyumbani wakaja kuangalia kuna nini.

Wamenipa nafasi ya kuhamia Nairobi. Wanasema ni kwa usalama wangu. Mama ameshaniambia nikubali, anasali kwa ajili hiyo. Nimekataa. Wanaotaka niondoke Garissa watanikuta Garissa.

Jumatatu naanza kazi Banissa, ghala la chanjo za mifugo. Wameshaniandikia kwamba barabara ya kule ni mbaya sana msimu huu, nisijisumbue, watanitumia picha na video za kila rafu. Nimewajibu kwa adabu: watume, nitafurahi kuzitazama nikiwa njiani nakuja.

Nakuahidi hili moja tu, na silipunguzi. Mtu akiniambia kitu kipo, nitakwenda nikiguse. Na nikikikuta kipo, nitakiandika kwa furaha ileile.

Lala salama, Maalim. Mungu akupokee.

Mwende, niliyekataa kuhama.